Friza ya Bwana na Kuku wa Watu

Mzee Barafu hakuwa na kitu cha baridi mwilini mwake isipokuwa mikono. Mikono ilikuwa baridi kwa sababu ya kazi: alikuwa fundi wa mafriji, na tangu ujana wake ilikuwa ikishinda ndani ya mashine za watu, ikikwangua barafu, ikipapasa mabomba, ikitafuta gesi inavujia wapi. Mengine yote kwake yalikuwa moto: maneno yake, kicheko chake, chai yake, na hasa imani yake. Watu walimwita Mzee Barafu kwa utani, jina likamganda, hata mchungaji alipotaka kumtambulisha kwa wageni ilimbidi asite kidogo, ajikumbushe lile alilobatizwa nalo.

Mkewe hakumwita hivyo. Alimwita "baba watoto" akiwa na amani naye, na "we mzee" akiwa hana, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja majina hayo mawili yalipokezana zamu bila kuchoka. Hata sasa ambapo mwenyewe hayupo tena, mkewe humtaja kama mtu aliyetoka mara moja kwenda kununua waya. Ukimkuta ametulia, hana chungu motoni, atakusimulia habari ya friza. Atacheka kwanza, kisha ataendelea.

Friza ilitoka kwenye duka la vinywaji lililofungwa. Mwenye duka alikuwa anahama, nayo ilikuwa imekufa, akamwambia fundi, "Chukua tu, utatoa vipuri." Mzee Barafu hakutoa kipuri hata kimoja. Aliilaza kwenye karakana yake, kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, katikati ya maganda ya mashine za kufulia na milango ya mafriji isiyojulikana ni ya nani, akawa anaihangaikia kila alipomaliza kazi za wateja. Akabadilisha kompresa. Akaziba bomba lililotoboka. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka, akatafuta mwingine duka kwa duka mpaka wauzaji wakawa wakimwona wanatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo. Siku ilipotetemeka, ikakohoa, kisha ikaanza kunguruma, alivua kofia, akasimama mbele yake, akaomba. Sala ilikuwa ndefu. Mteja aliyekuwa akisubiri pasi yake alisema amina mara kadhaa akidhani imeisha.

"Hii si yangu," alimtangazia mkewe wabebaji walipoitua sebuleni, maana haikupita mlango wa jikoni. "Ni ya Bwana. Mimi ni mtunzaji tu."

"Basi mwambie Bwana sebule hii ina watu," mkewe akajibu. "Kwa mchungaji kuna nafasi."

Yule mzee hakuwa anatania. Ndivyo alivyokiona kila kitu. Viatu vyake aliviita "hivi nilivyoazimwa", na alivipiga rangi kila jioni kana kwamba mwenyewe angekuja kuvidai asubuhi. Bisibisi zake alizifuta mafuta na kuzilaza kwenye kitambaa kama watoto wachanga. Kanisani, mkewe alipomfinya kwa sababu amesinzia katikati ya mahubiri, alifungua jicho moja na kunong'ona, "Usingizi nao nimekabidhiwa, mama watoto. Siwezi kuukataa ukinijia."

Mkewe alitandika kitambaa cha kufuma juu ya friza, wageni wakadhani ni meza, na habari ikaenea mtaani kwamba kwa Mzee Barafu kuna baridi ya bure. Kinyozi wa jirani alileta maji ya chupa ya kuwauzia wateja wake. Mawifi wawili wa nyumba yenye bati jekundu walileta nyama, kila mmoja mfuko wake, na kila mmoja kwa wakati wake ili wasikutane, kwa kuwa walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa sabuni ambao hata wao hawakuweza tena kuueleza vizuri. Muda si muda friza ikajaa vitu vya watu, na mkewe akitaka kuweka samaki wake anaambiwa asubiri nafasi.

"Yaani mimi niliyetandika kitambaa ndiye nisubiri?"

"Kitambaa Bwana amekiona," mumewe alimwambia. "Ila dada wa watu katangulia."

Hakutoza kitu. Lakini alikuwa na sheria mbili, na watu walipozijua wengine walitamani afadhali angetoza. Ya kwanza: kabla hujafungua kifuniko, taja kwa sauti jambo moja unalomshukuru Mungu, na lisiwe lile la jana. Ya pili: Jumapili friza haifunguliwi. Nayo ipumzike.

Binti yake wa mwisho, akitumwa nyama wakati tamthilia imeshaanza, alisema harakaharaka, "Nashukuru kwa sababu mwalimu wa hesabu anaumwa."

"Hiyo si shukrani," baba yake alisema, akiwa amekalia kifuniko. "Hiyo ni fitina. Toa nyingine."

Kinyozi hakukanyaga kanisani ila kwa harusi na maziko, na hata huko alibaki nje na wavuta sigara. Lakini maji yake yalikuwa ndani ya friza, ikambidi ashukuru kila siku kama mtawa. "Nashukuru," alisema, "nywele za wanaume wa mtaa huu hazichoki kuota."

"Na za kwako?" mzee alimwuliza, akikitazama kichwa chake kilichong'aa.

"Zangu nilimtolea Mungu, mzee wangu. Akazipokea zote."

Habari ya mawifi ndiyo mkewe huisimulia kwa kunong'ona, kana kwamba bado kuna kesi. Mzee aliitazama mifuko yao miwili, kila mmoja umekimbilia pembe yake ya friza, akaihurumia. Akaisogeza ikakaa bega kwa bega, akamwaga maji kidogo katikati. Kesho yake ilikuwa tofali moja. Wifi aliyetangulia kuja alivuta, akavuta tena, mpaka kilemba kikamlegea.

"Hapo," mzee alisema kwa uso wa masikitiko, "itabidi umwite mwenzako. Mimi siwezi kukata mali ya mtu mwenyewe hayupo. Nitakuwa mtunzaji gani?"

Mwenzake akaitwa. Walisimama na kisu katikati yao, hali ambayo si nzuri kwa watu wasiosemezana, na mzee mwenyewe akaanza kujuta. Wakakata, wakakosea, mmoja akaondoka na paja la mwenzake, ikabidi abishiwe hodi, wabishane, na walipokwisha kubishana wakajikuta wanacheka. Jioni mkewe alimvuta chumbani.

"We mzee, ulimwaga maji."

"Maji ni ya Bwana."

"Na hila?"

Akafikiri kidogo. "Hila ni yangu. Hiyo naikubali."

Sasa, sokoni kulikuwa na mjane mwenye kibanda cha kuku, na watu wote walimwita Mama Kuku. Miaka mingi alikuwa akiuza kuku mmoja mmoja, kwa mteja mmoja mmoja, kila mmoja akimbonyeza yule kuku kifuani na kusema amekonda. Jumamosi moja asubuhi aliingia sebuleni kwa Mzee Barafu na beseni kichwani, limejaa kuku waliochinjwa na kunyonyolewa, na uso wake uliwaka kama wa bibi harusi. Mwenye mkahawa mkubwa ulio karibu na hospitali alikuwa amekubali kununua kwake, kila wiki. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa Jumatatu asubuhi.

"Mzee, hawa nimewatafuta kwa jasho," alisema akipanga kuku wake juu ya vitu vya wenzake, maana chini kulikuwa kumejaa. "Yule bwana amenitazama hapa usoni, akaniambia: ukiniangusha mara ya kwanza, usinigongee tena. Wanaotaka kumuuzia ni foleni."

"Nenda kalale," Mzee Barafu alimwambia. "Kuku wakiingia humu wako mikononi mwa Bwana."

"Na mikononi mwako?"

"Na mwangu pia."

"Hapo sawa," Mama Kuku alisema, akafunga kifuniko.

Jumamosi hiyohiyo alasiri ibada ya nyumbani ilikuwa zamu ya kwao, na somo lilikuwa uwakili, yaani namna ya kutunza kwa uaminifu yale ambayo Mungu amemkabidhi mtu. Mchungaji alisema hakuna haja ya kumtafuta mwalimu mbali, afundishe Mzee Barafu mwenyewe. Kwaya ilikuja na kinanda kipya kilichokuwa bado na nailoni yake. Mpiga kinanda akatafuta pa kuchomeka. Soketi za sebuleni zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na doa jeusi la moto, na fundi wa nyumba, yaani mzee mwenyewe, alikuwa ameahidi kuitengeneza tangu binti yake wa mwisho hajaota meno. Nyingine ilikuwa ya friza.

"Chomoa tu," Mzee Barafu alisema. Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyewakataza watu wote wasiguse plagi ile, akainama akaichomoa mwenyewe. "Friza ikifungwa vizuri, saa moja si kitu. Haitajua hata kama tuliiacha."

Kweli, saa moja si kitu.

Wakaimba. Kisha mzee akasimama kando ya friza akafundisha, na wote waliokuwepo wanakiri kwamba hajawahi kufundisha vile. Alisema pumzi si yetu, watoto si wetu, ujuzi wa mikono si wetu. Tumekabidhiwa, na aliyetukabidhi hajasahau alikoviacha. Alisema mtunzaji mwaminifu haonekani siku ya kupokea sifa, anaonekana siku ambayo hakuna anayemtazama. Kila alipotaka kukazia neno aliipiga friza kwa kiganja. Friza haikuitikia. Ilikuwa kimya kama jiwe, lakini kinanda kilikuwa kikimsindikiza kwa chini, na hakuna aliyeugundua ukimya huo. Mawifi wawili walilia, wakapangusana machozi kwa leso moja.

Baada ya ibada kila mtu alitaka kumshika mkono. "Umetulisha leo, mzee." "Umenigusa mpaka mfupani." Mkewe anasema alimwona kabisa anavimba, kama unga uliotiwa hamira. Akawasindikiza wageni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barabarani, kutoka barabarani hadi njia panda, akiwa bado anafundisha. Nyuma, mpiga kinanda alifungasha kinanda chake, akaviringisha waya wake, akaaga, akaondoka. Soketi ikabaki ukutani, macho wazi, haina kitu.

Usiku ule mzee alilala usingizi ambao hajaulala tangu friza iingie mle ndani.

"Unausikia utulivu huu?" alimwuliza mkewe Jumapili asubuhi, akijinyoosha kitandani. "Hii ndiyo amani anayopewa mtu akishatimiza wajibu wake."

"Amka uoge," mkewe alisema.

Wakaenda kanisani. Kutoka kanisani wakaenda kumtazama mgonjwa upande wa pili wa mji, wakapewa chakula, wakachelewa. Waliporudi walikuta umeme umekatika mtaa mzima, majirani wamekaa barazani wanajipepea kwa magazeti na kuwalaani watu wa umeme. Ilikuwa Jumapili. Friza haifunguliwi Jumapili.

Jumatatu asubuhi mkewe aliingia sebuleni miguu mitupu, akakanyaga maji.

Alisimama. Akautazama mkeka uliolowa. Akafuata maji kwa macho mpaka chini ya friza, akazunguka nyuma yake, akainama. Umeme ulikuwa umesharudi. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga kelele. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, mahali palepale ilipowekwa Jumamosi.

"We mzee!" aliita. "Njoo uione amani yako."

Mzee Barafu alikuja na mswaki mdomoni. Alipoiona plagi, mswaki ulianguka. Akakivuta kitambaa cha kufuma, akafungua kifuniko bila shukrani yoyote, na harufu ikapanda ikawapiga wote wawili usoni. Akaingiza mikono yake. Chini kabisa, nyama za mawifi zilikuwa bado ngumu kwa ndani. Zingepona zikipikwa leo. Maji ya kinyozi yalikuwa maji tu. Lakini kuku wa Mama Kuku, waliowekwa juu kabla hawajapata baridi ya kutosha, walikuwa wamekwisha. Aliwabonyeza mmoja baada ya mwingine, kama wafanyavyo wale wateja wa sokoni, akitafuta hata mmoja aliyepona.

"Wote?" mkewe aliuliza taratibu.

"Wote."

Hapo kinyozi akabisha hodi akaja kuchukua maji yake, akaona sakafu, akanusa, akashika kiuno.

"Wamekuua, mzee wangu! Umeme huu wa jana! Hawa watu hawana huruma kabisa. Pole, pole sana."

Mzee Barafu alimtazama kinyozi kama mtu anayezama anavyotazama kamba.

Na kamba yenyewe ilikuwa nzuri, haina hata uzi uliolegea. Umeme ulikuwa umekatika kweli. Mtaa mzima ulikuwa shahidi. Hakuwa na haja ya kudanganya. Angesema "ndiyo, jana umeme ulikatika", na kila neno lingekuwa la kweli. Mkewe naye alikuwa amekwisha kuisogeza plagi nyuma ya mguu wa kochi kwa kidole gumba cha mguu, na alikuwa akimtazama kwa macho yanayosema: nyamaza tu, baba watoto, kunyamaza si dhambi.

Mama Kuku akaingia, amevaa kanga mpya, beseni tupu kwapani.

"Jamani, mbona mmesimama kama kwenye msiba?" alisema akicheka, na kabla hajajibiwa akaweka mkono juu ya friza, ashukuru kama sheria ilivyotaka. "Haya, yangu ya leo: namshukuru Mungu kwamba mtaa huu una mtu ambaye ukimwachia kitu chako, unakwenda kulala. Fungua, mzee, nachelewa."

"Dada yangu," kinyozi aliwahi, "usimlaumu mzee. Ni umeme. Jana umekatika, mtaa mzima umeona."

Uso wa Mama Kuku ulisawijika. Akafungua, akatazama, akafunga tena polepole. "Umeme," alisema. "Hata nikimwambia yule bwana, atasema ni hadithi za siku zote." Akakaa juu ya kifuniko, beseni mapajani. "Basi. Kama ni umeme, ni umeme. Utamshtaki nani?"

Mkewe anasema hapo mumewe aliinama, akaitoa plagi nyuma ya mguu wa kochi.

"Si umeme," mzee alisema.

"Baba watoto..."

"Si umeme, mama. Ni mimi. Niliichomoa Jumamosi kwa mkono wangu, nikasahau kuirudisha. Umeme ulipokatika jana, kuku wako walikuwa wameshaharibika."

Mama Kuku alimtazama. "Uliichomoa kwa nini?"

"Kulikuwa na kinanda."

"Kinanda?"

"Cha ibada."

"Kuku wangu wameoza kwa sababu ya kinanda." Aliyasema maneno hayo moja moja, kama anayeonja chumvi. "Na mlikuwa mnafundishana nini kwenye hiyo ibada?"

Mzee Barafu aliangalia miguu yake. "Uwakili."

Kinyozi alitoka nje. Alijaribu kucheka kimyakimya, ikamshinda, wakamsikia akipiga ukuta kwa kiganja na kuita mama yake.

Mama Kuku hakucheka. Alisema mengi. Alisema kwamba yeye si mtoto wa kutulizwa na nyimbo. Alisema amemwamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Alisema afadhali angemwachia kuku wake kinyozi, ambaye hajui hata kukunja mikono kuomba. Mzee alisikiliza yote, hakuweka hata "lakini" moja katikati, na alipomaliza akamwambia, "Uliyosema ni haki yako. Chukua friza. Wabebaji nitawalipa mimi, iende kwako leo, uiuze ufidie kuku wako."

"We mzee," mkewe akaingilia, "utatoaje friza? Si ulisema si yako?"

Mzee akaokota mswaki wake sakafuni.

"Miaka yote umeniimbia hapa: si yetu, si yetu. Leo umeharibu ndiyo imekuwa yako ya kugawa?" Akafunga kanga yake kiunoni, akashusha pumzi ndefu ya mtu anayeaga. "Uani kuna kuku wangu. Wanene, nimewalea kwa mikono yangu, na mayai yao ndiyo yananinunulia sabuni. Nilidhani ni wangu. Lakini ukikaa na mtu kama wewe muda mrefu, hata kuku wanakuwa si wako. Mama Kuku, inuka. Wewe kwa kisu ni hodari kuliko mimi."

"Dada, hao wa mayai..."

"Usinionee huruma, nitabadili mawazo."

Uani kukawa na vumbi, manyoya na kelele. Mama Kuku alichinja. Mkewe alichemsha maji, na kila kuku aliyekamatwa alimpa mkono wa kwaheri kwa maneno makali: "Nenda, na wewe, ulikuwa unataga nje ya kiota." Mzee Barafu alikimbizana nao hadi akateleza akapiga magoti mbele ya jogoo. Wakaona mikono haitoshi, wakamwita kinyozi. Akaja na aproni yake ya kazini, akakalia ndoo, akamshika kuku wa kwanza, akamtazama kichwa na kifua.

"Tunyoe style gani?" akauliza.

Hapo ndipo Mama Kuku alipocheka. Alicheka bila kutaka, akajikasirikia, akacheka tena, akamtupia kinyozi bawa usoni.

Jua lilikuwa limeshapanda sana beseni lilipojaa. Mama Kuku alitaka kwenda peke yake, mzee akakataa. Alivaa suruali yake ya ibada, akafunga tai, akabeba beseni yeye mwenyewe kichwani hadi mkahawani, akimfuata Mama Kuku nyuma hatua kwa hatua, na watu njiani wakidhani ni posa.

Mwenye mkahawa alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi.

"Mama, nilisema asubuhi."

"Kosa si lake," Mzee Barafu alisema kutoka chini ya beseni. Akaeleza yote: friza, plagi, kinanda, somo, amani ya Jumapili asubuhi. Hakuruka kitu. Wapishi wakaacha masufuria wakaja kusikiliza. Alipofika kwenye somo, mpishi mmoja alijificha nyuma ya mlango.

Mwenye mkahawa alimsikiliza bila kutabasamu. Akachukua kuku mmoja, akamgeuza, akanusa. "Watu wanaoniuzia nyama," alisema, "wanapoharibikiwa huniletea vilevile, wanamwaga ndimu juu. Hajawahi kuja mtu kunieleza." Akamrudisha kuku ndani ya beseni. "Mama, hawa nawachukua, watakwenda kwenye mchuzi, maana naona wana umri. Jumatatu ijayo lete wengine, asubuhi kweli. Na huyu mzee asikaribie kuku wangu."

"Sawa kabisa," Mzee Barafu alisema.

Njiani kurudi Mama Kuku alitangulia hatua nyingi mbele. Alipofika njia panda aliingia upande wa kwake bila kuaga.

Siku zilizofuata mzee aliifuta friza kwa maji ya siki mpaka ikanukia kama duka la dawa. Soketi yenye doa jeusi aliitengeneza jioni ya Jumatatu ileile, mkewe akimmulikia tochi. Friza ikanguruma tupu. Mawifi walikuwa wamezipika nyama zao, tena wakazila pamoja, lakini hawakuleta nyingine. Mmoja alisema siku hizi daktari amemkataza nyama, mwingine akasema hata yeye. Kinyozi peke yake ndiye aliyerudisha maji yake, kwa sababu, alisema, maji hayaozi.

"Umeniona mimi?" mzee alimwambia mkewe. "Nimekaa kama mlinzi wa ghala lisilo na kitu."

"Ndiyo uwakili huo," mkewe alimjibu. "Lilinde hivyohivyo."

Mkewe alijua kwamba hakuwa anasubiri mifuko ya watu wote. Alikuwa anasubiri beseni moja. Kila mlango ulipogongwa aliinuka, akarekebisha ukosi, na akiona ni mtu mwingine alikaa tena taratibu. Alikuwa amesamehewa na Mungu, hilo hakulitilia shaka. Alikuwa ameungama vizuri, na kwa sauti, hadi majirani wakasikia. Lakini Mungu hakuwa na kuku mle ndani.

Jumamosi asubuhi Mama Kuku aliingia bila hodi. Beseni lilikuwa kichwani, limejaa. Hakumsalimia mtu. Alilitua chini, akazunguka nyuma ya friza, akapiga magoti, akaishika plagi kwa mkono wake akaisukuma ukutani kwa nguvu, kana kwamba anamsukuma mtu kwenye chumba. Akapachika sikio kwenye ubavu wa friza, akasikiliza. Kisha akainuka, akafungua kifuniko, akapanga kuku wake chini kabisa, safari hii, mmoja mmoja.

Mzee Barafu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, hathubutu hata kumsaidia.

"Ibada ya wiki hii ni zamu ya nani?" Mama Kuku aliuliza, mgongo ukiwa bado umemgeukia.

"Ya... bado hatujapanga."

"Mimi nimepanga. Ni kwangu."

"Kwako?" mkewe alishangaa. "Kwako si hakuna umeme?"

"Ndiyo maana." Akafunga kifuniko, akapangusa mikono, na kwa mara ya kwanza akamtazama mzee usoni. "Kuku wangu watakaa hapa, na waimbaji watakaa kule. Mtapiga makofi. Na wewe, mzee, utakuja, lakini hufundishi."

Mzee Barafu alikubali kwa kichwa, haraka, kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka nje.

Alasiri hiyo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa Mama Kuku, magoti yamefika kidevuni, akapiga makofi nje ya mdundo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu wa siku hiyo alikuwa mmoja wa wale mawifi, na alifundisha vibaya, akirudiarudia, akisahau alikokuwa. Mzee alimsikiliza mdomo wazi. Yule wifi alipouliza kama kuna mwenye neno, watu wote walimgeukia Mzee Barafu kwa mazoea.

"Mimi sina," alisema. "Ila wenye nyumba, kama hamtajali, naomba niende kuangalia kitu nyumbani, nirudi."

"Kaa," Mama Kuku alimwambia. "Mkeo ameshakwenda mara mbili."